Tulihama Illinois kwenda Iowa katikati ya mwaka: kodi ya jimbo tunafaili wapi?

Mvuka_Mto

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Ni siku ya pili sasa nahangaika na programu ya kufaili kodi, na kila nikiigusa inanipa jibu jipya. Naomba mwenye kujua anisaidie kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma.

Mimi na mke wangu tulikuwa tukiishi Moline, Illinois. Juni 1, 2025 tukahamia Davenport, Iowa, ng'ambo ya mto Mississippi. Ni mwendo wa dakika kumi na tano tu, na kazi hatukubadilisha. Mimi nafanya kazi ya ghala Illinois, zamu ya usiku, kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Mke wangu alianza kazi mwezi wa pili kwenye nyumba ya wazee hapo Davenport, yaani miezi ya mwanzo alikuwa anavuka daraja kutoka Moline kwenda kazini. Sasa ni mimi ninayevuka.

W-2 yangu, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, inasema dola 36,000, yote Illinois, na kodi ya Illinois iliyokatwa ni 1,641. Ya mke wangu inasema 20,000, yote Iowa, kodi ya Iowa iliyokatwa ni 210. Hatuna mtoto hapa, tunafaili pamoja.

Kwa kuwa Desemba 31 tulikuwa Iowa, nilichagua kwamba sisi ni wakazi wa Iowa wa mwaka mzima. Programu ikaniambia Iowa tunadaiwa dola 641, na Illinois wataturudishia 40. Sina hiyo 641 kwa sasa, na hata ningekuwa nayo, moyo unakataa. Mshahara wangu umekatwa kodi kila wiki mbili bila kukosa. Hii nyingine inatoka wapi?

---

Dereva_I80

Ndugu yangu pole. Nijuavyo mimi, ukikaa jimbo zaidi ya siku 183 wewe ni mkazi wa pale mwaka mzima. Juni mpaka Desemba ni siku 214, kwa hiyo programu iko sahihi. Omba kulipa kidogo kidogo.

---

Mama Zawadi

Mvuka_Mto, marahaba. Usitume chochote kwanza. Hiyo 641 si deni lako.

Nianze na neno la kaka Dereva, maana limeumiza watu wengi. Kanuni ya siku 183 ipo katika majimbo kadhaa, lakini ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ndani ya jimbo ambaye anadai kwao ni kwingine. Mtu aliyefunga vyombo vyake Moline, akarudisha funguo za nyumba na kuanza maisha Davenport, yeye ni mkazi wa sehemu ya mwaka huku na mkazi wa sehemu ya mwaka kule. Januari hadi Mei ninyi mlikuwa watu wa Illinois. Juni hadi Desemba ninyi ni watu wa Iowa. Serikali kuu mnafaili ritani (fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka) moja kama kawaida, kuhama hakuigusi. Majimbo mnafaili mawili.

Sasa sikiliza jambo ambalo W-2 haikuambii. Illinois na Iowa wana mapatano ya siku nyingi: mshahara wa mtu unatozwa na jimbo analoishi, hata kama kazi iko ng'ambo. Kwa mshahara, kodi inafuata mahali unapolala. Kwa hiyo gawa hivi:

Mshahara wako wa Januari hadi Mei ni wa Illinois, na wa Juni hadi Desemba ni wa Iowa ingawa ghala halijahama hata hatua moja. Mshahara wa mkeo wa Februari hadi Mei ni wa Illinois, ingawa aliuchuma Davenport na W-2 yake haitaji Illinois popote. Wa Juni kuendelea ni wa Iowa.

Waajiri wenu wote wawili walikata kodi kwa kufuata mahali pa kazi kwa sababu hamkuwapa karatasi. Wewe ulitakiwa Juni umpe mwajiri wako fomu IL-W-5-NR, ya kusema huishi tena Illinois. Mkeo alitakiwa Februari ampe mwajiri wake fomu ya Iowa namba 44-016, ya kusema yeye ni mtu wa Illinois. Siwalaumu. Siku ya kwanza kazini mtu anapewa rundo la karatasi za kusaini, na hizi mbili mara nyingi hazimo.

Naandika kwa urefu kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2019, mwezi wa nane, nilihama Rock Island kuja Davenport. Mwajiri akaendelea kunikata kodi ya Illinois mpaka Desemba. Mtu mmoja akanishauri nifaili Iowa peke yake, na ile kodi ya Illinois niiombe kama punguzo kwa fomu IA 130, ile ya kodi uliyolipa jimbo lingine. Ilionekana ni njia fupi. Baada ya miezi ikaja barua: punguzo limekataliwa, lipa na riba. Nililia mezani, mtoto akiniangalia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Iowa walikuwa na haki. Punguzo lile ni la kodi ambayo jimbo lingine *lilistahili* kukutoza. Illinois haikustahili hata senti ya mshahara wangu baada ya kuhama, kwa hiyo pesa yangu ilikuwa imekaa Illinois na ni Illinois nilipaswa kuidai. Nikajaza IL-1040-X, fomu ya kusahihisha ritani ya Illinois, nikarudishiwa, lakini Iowa nilikuwa nimeshawalipa kwa mkopo.

Tangu hapo najitolea kila msimu kwenye mpango wa VITA, tunawasaidia watu wa kipato cha kawaida kufaili bure. Kila mwaka nakutana na mtu aliyevuka mto huu akiwa na W-2 ya upande usio wake.

Niambie kitu kimoja: hati zako za mshahara za mwezi wa tano unazo? Ile ya mwisho kabla ya kuhama. Kuna mstari wa jumla tangu Januari. Nipe namba yako na ya mkeo nikupigie hesabu.

---

Mvuka_Mto

Mama Zawadi, Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti.

Hati zipo, tumezikuta kwenye bahasha moja na mkataba wa nyumba. Mimi jumla mpaka mwisho wa Mei ni 15,000 kamili. Mke wangu ni 7,000.

---

Mama Zawadi

Vizuri sana, namba zimekaa vizuri.

Illinois: 15,000 na 7,000, jumla 22,000. Iowa: 21,000 na 13,000, jumla 34,000. Pamoja ni 56,000, sawa na ritani yenu ya serikali kuu.

Illinois mnajaza IL-1040, ritani yao, pamoja na Schedule NR, karatasi ya kugawa mapato. Kiwango chao ni kimoja kwa kila mtu, asilimia 4.95. Kila mmoja wenu ana msamaha wa dola 2,850 kwa mwaka 2025, yaani 5,700 kwa wawili, lakini kwa kuwa mlikuwa kule kwa sehemu tu, mnapewa sehemu inayolingana na mapato ya Illinois. 22,000 kwa 56,000 ni asilimia 39.3, kwa hiyo msamaha ni 2,240. Inabaki 19,760 ya kutozwa, kodi yake ni 978. Mmeshakatwa 1,641. Wanawarudishia 663, si 40. Ile 40 ilikuja kwa sababu programu iliuchukua mshahara wako wote wa 36,000 kuwa wa Illinois kama W-2 inavyosema, na pesa ya mkeo ya miezi ile haikuitia kabisa.

Iowa mnajaza IA 1040, ritani yao, pamoja na IA 126, ya kugawa mapato. Hapa watu hushtuka, kwa hiyo nenda nami taratibu. Iowa kwanza inapiga hesabu kama vile mmeishi huku mwaka mzima, kisha inawapunguzia sehemu isiyo yake. Inaanzia kwenye mapato yanayotozwa na serikali kuu: 56,000 toa 31,500 ya punguzo la kawaida la wanandoa, inabaki 24,500. Kiwango cha 2025 ni asilimia 3.8 kwa wote, inakuwa 931. Toa dola 40 kwa kila mmoja wenu, inabaki 851. Hapo ndipo programu yako ilipokomea. Ulipoiambia mwaka mzima, ikatoa 210 mliyokatwa, ikakudai 641.

Ukichagua mkazi wa sehemu ya mwaka, IA 126 inakuja. Iowa ina asilimia 60.7 ya mapato yenu, na asilimia 60.7 ya 851 ni 517. Toa 210. Mnadaiwa 307.

Kwa hiyo mnapokea 663 upande mmoja, mnalipa 307 upande wa pili, mnabaki na 356 mkononi. Kama mngetuma ile ya kwanza, mngetoa 601 mfukoni. Tofauti ni dola 957, na imetokana na kitufe kimoja.

Kama mlikuwa na riba ya benki, igawe vilevile kwa tarehe iliyoingia. Ikiwa ni dola chache haitabadilisha kitu.

Mpangilio ni huu. Faili Illinois mapema, hata leo, ile pesa ianze safari. Mwisho wa Illinois ni Aprili 15 sawa na serikali kuu. Iowa mwisho wao ni Aprili 30, kwa hiyo mna wiki mbili za ziada kutafuta ile 307. Usichelewe kuilipa kwa kusubiri ya Illinois. Iowa ukilipa walau asilimia 90 ya kodi yako kufikia tarehe hiyo, muda wa kujaza ritani unasogea wenyewe hadi Oktoba 31 bila kuomba. Malipo ndiyo hayasogei.

---

Mvuka_Mto

Nimerudi kwenye programu. Nikaweka tarehe Juni 1 kuwa ya kuhama, ikanifungulia ukurasa wa kugawa mapato, nikaandika kama ulivyosema. Imetoka 663 na 307 vilevile. Nimekaa kimya kidogo.

Ila nina hofu moja. W-2 inasema Illinois 36,000, na mimi natuma ritani inayosema 15,000. Hawatasema nimedanganya? Nibadilishe namba za W-2 ndani ya programu zilingane?

---

Mama Zawadi

Hapana, baba, W-2 usiiguse. Iandike kama ilivyo hadi senti ya mwisho, kwa sababu nakala yake wanayo. Kugawa kunafanyika kwenye Schedule NR.

Hofu yako ina msingi, na dawa yake ni barua. Nenda kwa watu wa mishahara kazini kwako, omba barua kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni, ieleze kwamba kuanzia Juni 1, 2025 wewe ni mkazi wa Iowa, na mshahara wa Illinois ulikuwa kiasi fulani hadi tarehe hiyo. Maelekezo ya Illinois yenyewe yanataka barua ya namna hiyo pale W-2 inapoonyesha mshahara wa Illinois usio sahihi. Iambatishe. Ukiombwa uthibitisho zaidi, uwe na mkataba wa nyumba wa Davenport wenye tarehe, bili ya umeme ya mwezi wa kwanza, leseni ya udereva ya Iowa na usajili wa gari. Leseni umeshabadilisha?

---

Mvuka_Mto

Leseni nilibadilisha Juni. Gari nilibadilisha Septemba, nilichelewa.

---

Mama Zawadi

Inatosha. Makao ya mtu yanaangaliwa kwa mambo mengi pamoja, karatasi moja iliyochelewa haiyafuti. Tarehe ya mkataba na ya leseni zinasema kitu kimoja.

---

Toka_Houston

Dada Zawadi naomba niingie na langu, linafanana. Nilihama Houston kwenda Minneapolis Septemba 2025. Texas hawana kodi ya mapato. Rafiki ananiambia Minnesota watanitoza pesa yangu ya Texas kwa sababu fomu yao inaiuliza. Ni kweli?

---

Mama Zawadi

Karibu. Rafiki yako ameona kitu cha kweli akakitafsiri vibaya.

Minnesota unajaza M1 na Schedule M1NR. Wanapiga kodi ya mapato yako yote kana kwamba mwaka mzima ulikuwa kwao, kisha wanachukua sehemu inayolingana na mapato ya Minnesota. Pesa ya Houston haitozwi. Lakini inaamua *kiwango* kitakachotumika. Iowa na Illinois huwezi kuligundua jambo hili maana kila mmoja ana kiwango kimoja tu. Minnesota wana ngazi, kutoka asilimia 5.35 hadi 9.85. Kama mwaka mzima ulipata 80,000 na Minnesota ulipata 25,000 tu, hutatozwa kama mtu wa 25,000. Utatozwa kwa wastani wa mtu wa 80,000, juu ya sehemu ile ndogo.

Kwa hiyo ukiona kodi imekuwa kubwa kidogo kuliko ulivyotarajia, si kosa. Ila ukiona Minnesota wanatoza dola zote, rudi nyuma uangalie ulichagua mkazi wa namna gani. Texas hakuna cha kufaili.

---

Ukingo_wa_StLouis

Mimi nilihama St. Louis kwenda upande wa Illinois mwezi wa saba, kazi imebaki St. Louis. Nimefurahi kusoma hapa. Nami basi Missouri wanirudishie kodi ya kuanzia Julai?

---

Mama Zawadi

Subiri kwanza, kwako ni tofauti kabisa, na nashukuru umeuliza kabla ya kutuma.

Mapatano ya Illinois ni na majimbo manne tu: Iowa, Kentucky, Michigan na Wisconsin. Missouri haimo. Indiana pia haimo. Kwa hiyo Missouri ina haki ya kutoza kazi uliyofanya ndani ya Missouri hata baada ya kuhama. Hadi Juni unafaili kwao kama mkazi, kuanzia Julai kama asiye mkazi mwenye mapato ya pale. Illinois nao watautaka mshahara huo huo wa kuanzia Julai kwa sababu unalala kwao. Hapo ndipo punguzo la kodi ya jimbo lingine linapofanya kazi yake halali: unajaza Schedule CR ya Illinois, kodi ya Missouri juu ya mshahara ule inapunguza ya Illinois.

Na jiji la St. Louis lina kodi yake ya asilimia 1 kwa mshahara wa kazi iliyofanyika ndani ya jiji. Kuhama hakuiondoi ikiwa bado unafanyia kazi pale.

Kwa hali yako ningependa mtu akae nawe uso kwa uso. Tafuta kituo cha VITA, lakini piga simu kwanza uulize kama wanapokea ritani za majimbo mawili. Si vituo vyote vinazifanya.

---

Dereva_I80

Dada Zawadi, nimekusoma na nakubali nilikosea. Naomba radhi kwa Mvuka_Mto, ningekutia hasara.

Sasa mimi mwenyewe. Naendesha trela, nimehama Des Moines kwenda Omaha mwezi wa tisa. Kwa wiki napita majimbo sita. Miaka yote huwa naogopa kwamba siku moja kila jimbo litanidai maili zake.

---

Mama Zawadi

Kaka, hakuna ubaya, ile kanuni ya siku 183 inarudiwa kila mahali.

Wewe sheria ya serikali kuu inakulinda. Dereva anayesafirisha mizigo kati ya majimbo, mshahara wake unatozwa na jimbo anakoishi tu. Nevada, Wyoming, Ohio, popote unapopita, hawana lao. Kwa hiyo maili zisahau, shika tarehe. Mshahara uliolipwa kabla ya kuhama ni wa Iowa, baada ya hapo ni wa Nebraska. Kila upande unafaili kama mkazi wa sehemu ya mwaka. Angalia W-2 yako kama mwajiri alibadilisha jimbo mwezi wa tisa au aliendelea na Iowa mpaka mwisho. Kama aliendelea, uko kwenye mashua moja na Mvuka_Mto: unadai Iowa ya ziada, unalipa Nebraska. Ila mwajiri mpe anwani mpya leo, maana Januari mpaka sasa huenda bado anakukata ya Iowa.

---

Mvuka_Mto

Narudi kutoa taarifa. Barua nimepata. Dada wa mishahara aliniuliza mara mbili kwa nini naitaka, nikamweleza, akaniambia kuna wenzangu watatu kwenye zamu ya usiku waliohamia Iowa na hakuna aliyewahi kuiomba. Nimechukua namba zao za simu, wanisubiri Jumapili baada ya misa, nitawaonyesha ukurasa ule wa kugawa mapato.

Ya Illinois nimetuma jana jioni na barua imeambatishwa. IL-W-5-NR nimeijaza palepale kwenye dawati lake. Mke wangu ameuliza kama naye apeleke ile 44-016.

---

Mama Zawadi

Hapana, yeye asipeleke. Sasa anaishi Iowa na anafanya kazi Iowa, wanakata mahali panapostahili. Ila amwombe mwajiri ampe IA W-4 mpya, fomu ya kupanga kodi inayokatwa kwenye mshahara, aangalie kiasi, kwa sababu 210 kwa mwaka ni kidogo kwenu wawili. Nawe ulipompa mwajiri IL-W-5-NR amesimamisha Illinois, lakini si lazima ameanza kukata Iowa. Muulize hilo kesho. Akikataa, itabidi mkeo akatwe zaidi au mlipe Iowa wenyewe kila robo mwaka.

Na hao wenzako watatu, waulize walihama mwaka gani. Kudai Illinois kuna mipaka ya muda, kwa kawaida miaka 3. Kama kuna aliyehama 2023 na bado anakatwa Illinois, aanze na ya mwaka ule wa kwanza.

---

Mvuka_Mto

Mmoja alihama 2023. Nimempigia sasa hivi, anatafuta hati zake.